MAONI: Gari nzito kwenye sirkiti, tairi yenye kasi kuliko zote siyo tairi yako

Kila mwezi wa nne unapoanza, simu yangu inajaa video. Vijana wetu walioko Liège, Brussels, Namur na hata Lille wanatuma picha za gari zao kwenye uwanja wa mbio wa Spa-Francorchamps, na wadogo zao wa Goma, Bukavu na Uvira wanawajibu kwa makofi na alama za moto. Sina neno baya juu ya furaha hiyo. Mimi ni fundi wa tairi, mtoto wa Bukavu, naishi karibu na Liège, na jumamosi nyingi za kiangazi utanikuta kule Spa nimeshika kipimo cha upepo mkononi. Ila kuna swali moja ambalo vijana hao wananiuliza kila mara, na mwaka uliopita nililijibu vibaya. Leo nalijibu upya mbele ya watu wote, kwa sababu jibu langu la kwanza lilimvunja mtu mfupa.

Swali lenyewe ni hili: « Mjomba, nina gari nzito yenye nguvu, nataka kwenda sirkiti, nifunge semi-sliki gani? »

Kwa msomaji ambaye mambo haya ni mageni kwake, nieleze kidogo. Siku ya sirkiti siyo mashindano. Unalipa, unavaa kofia ngumu, unaingia uwanjani na gari lako lile lile la kwendea kazini, unakimbia unavyoweza bila kukutana na lori wala pikipiki. Hakuna mshindi wala kombe. Uwanja wa Spa una urefu wa kilomita 7 na mita chache, unapanda na kushuka katikati ya misitu ya Ardennes, na kati ya sehemu yake ya chini na ya juu kuna tofauti ya mita 100 hivi. Kuna wakati mvua inanyesha kwenye kona ya Pouhon na huku kwenye kona ya La Source lami ni kavu kabisa.

Tairi ya sliki ni ile ya mbio yenyewe, uso wake laini kama kiganja, na ni marufuku kwenye barabara ya watu wote. Semi-sliki iko katikati: kauchu yake ni laini na inanata karibu kama ya mbio, lakini imechongwa mifereji michache ili sheria iiruhusu kutembea barabarani. Majina yanayotajwa sana ni Michelin Pilot Sport Cup 2, Pirelli P Zero Trofeo R, Toyo Proxes R888R, Yokohama Advan A052 na Nankang AR-1. Kijana akitafuta kwenye intaneti atakuta watu wanasifu moja na kuponda nyingine, kila mtu na saa yake ya mkononi: hii imenipunguzia sekunde mbili, ile imenipunguzia tatu.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Wengi wanaoandika sifa hizo wanaendesha gari nyepesi. Mazda MX-5 ina kilo 1000 na kitu. Vijana wetu hawanunui Mazda MX-5. Wananunua gari ya familia yenye nguvu za farasi 600, ya okazioni, ili iweze kwenda sirkiti jumamosi na kupeleka watoto misa jumapili. Sasa angalia uzito: BMW M5 iliyotoka mwishoni mwa 2017 inakaribia kilo 1900 hata kabla hujakaa ndani. Audi RS6 ya kizazi cha 2019 imepita kilo 2000. M5 ya 2024, ile yenye betri pamoja na injini ya esansi, imepita kilo 2400. Ushauri wa mwenye kilo 1000 hauwezi kumfaa mwenye kilo 2000.

Uzito niliufahamu kabla ya kufahamu mbio. Nilipokuwa kijana nilikuwa konvoyeri wa Fuso kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira. Anayeijua barabara hiyo anajua mteremko wa Ngomo na joto la bonde la Ruzizi linalokupokea ukifika Kamanyola. Shofa wangu, mzee mkimya sana, akifika chini alikuwa anasimama, anashuka, anapitisha mgongo wa mkono karibu na kila tairi. Siku tuliyobeba majani ya chai, alirudi kwenye usukani baada ya dakika moja. Siku tuliyobeba simenti, tulikaa chini ya mti mpaka abiria wakaanza kunung'unika. Tairi zilikuwa zile zile, mteremko ule ule. Kilichobadilika ni mzigo tu. Watu walimwita mwoga. Sikumbuki hata mara moja tairi ikipasuka mikononi mwake.

Sirkiti ya Spa ni Ngomo iliyofungwa kila dakika 3. Chukua gari ambayo pamoja na dereva, rafiki yake na mafuta ina kilo 2100. Inakuja kilomita 200 kwa saa, dereva anakanyaga breki mpaka 80. Nguvu inayogeuka joto katika sekunde hizo chache inatosha kuchemsha lita 8 za maji yaliyokuwa ya baridi. Joto kubwa linaingia kwenye diski za breki, na sehemu yake inapita kwenye janti mpaka kwenye tairi. Lakini ni tairi ndizo zinazoshika lami ili kuizuia gari, na zenyewe zinapojivuta na kusuguana zinatoa joto lao. Gari ya nusu ya uzito huo ingechemsha lita 4. Na kona nyingine ya breki inakuja kabla maji hayajapoa.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: tairi haishiki kwa kadiri unavyoikandamiza. Ukiongeza mzigo juu yake mara mbili, mshiko wake unaongezeka, ndiyo, lakini haufiki mara mbili. Kwa hiyo gari nzito inapoingia kona, uzito unahamia upande wa nje, tairi ya mbele ya nje inabebeshwa kupita wenzake wote, na ndiyo inayochoka kwanza. Ninaletewa tairi ambazo katikati bado ni nzuri, lakini bega la nje limekwisha kabisa, nyuzi zinaonekana. Mwenyewe anasema tairi ni mbaya. Hapana. Gari yake imesimama wima kama ya mjini. Ingelazimu magurudumu ya mbele yainamishwe kidogo kwa ndani juu, kama digrii 2 hivi, ili katika kona uso wote wa tairi ukanyage.

Basi, jambo la kwanza la kuangalia kwenye tairi siyo jina lake, ni namba ya mzigo. Iko ubavuni, baada ya vipimo. 94 maana yake kilo 670 kwa tairi moja. 99 ni kilo 775. 102 ni kilo 850. Ile gari yetu ya kilo 2100, mbele yake nzito kidogo kuliko nyuma, dereva akikanyaga breki kwa nguvu, kila tairi ya mbele inabeba zaidi ya kilo 750 kwa muda huo, na akiwa bado anakunja usukani ile ya nje inabeba zaidi ya hapo. Nimeona kijana amefunga tairi yenye namba ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi za gari, kwa sababu ilikuwa bei rahisi na upana ulikuwa sawa. Upana siyo kila kitu. Tafuta pia herufi XL, maana yake tairi imejengwa kubeba zaidi na kujazwa upepo zaidi. Namba hii haihusu sirkiti peke yake: mwenye Land Cruiser inayobeba watu 11 na magunia kutoka Masisi angefaa kuisoma pia kabla ya kumlipa kwado.

Jambo la pili ni upepo. Hewa ikipata joto inavimba: kila digrii 10 zinaongeza karibu bari 0,1. Tairi iliyojazwa asubuhi bari 2,4 kwenye ubaridi wa Ardennes itarudi kutoka uwanjani na bari 3, imevimba katikati, inateleza, na dereva atasema semi-sliki hazina maana. Kwa gari nzito mimi naanza na 1,9 au 2,0 baridi, naipima mara tu inaporudi ya moto, natafuta karibu 2,5, natoa kidogo kidogo. Wenye gari nyepesi wanashuka chini zaidi ya hapo. Wewe mwenye kilo 2000 usiwafuate, kwa sababu ubavu wa tairi utajikunja chini ya mzigo na kujipika wenyewe kutoka ndani. Na jioni, kabla ya kuingia barabara kubwa, rudisha upepo wa barabarani. Watu wanasahau hili kwa sababu wamechoka na wamefurahi.

Jambo la tatu ni kauchu. Kwenye tairi zinazouzwa pia Marekani kuna namba inayoonyesha kuchakaa: kubwa inamaanisha ngumu na inadumu, ndogo inamaanisha laini na inakwisha upesi. Cup 2 ina 180, R888R ina 100, AR-1 ina 80. Usizilinganishe sana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa sababu kila kiwanda kinajipimia chenyewe. A052 imeandikwa 200 na mkononi mwangu ni laini kuliko Cup 2. Ni tairi nzuri mno kwa gari ndogo, nami naifunga kwa furaha. Chini ya gari ya kilo 2000, kwa macho yangu, inatoa mzunguko mmoja wa ajabu, wa pili mzuri, na kuanzia wa tatu imeshapata homa. Kwa gari nzito ninachagua ile inayochelewa kuchoka, ya aina ya Cup 2, hata kama saa ya mkononi inasema iko nyuma kwa sekunde moja. Hakuna anayekupa kombe kwa sekunde hiyo.

Sasa nifikie lile jibu langu baya.

Mtoto wa dada yangu alinunua M5. Dada yangu yuko Bukavu, yeye ndiye aliyenikabidhi huyo kijana alipofika Ubelgiji akiwa na miaka 17. Alinijia mwezi wa tisa na semi-sliki nne za okazioni alizonunua kwa mtu mmoja kwenye intaneti. Nilizigeuza, nikasoma tarehe ubavuni. Zile tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka, zilisema zina miaka 5. Mifereji ilikuwa imebaki milimita 3. Sheria ya hapa inadai 1,6 tu, kwa hiyo mbele ya polisi zilikuwa halali kabisa. Niliziminya kwa ukucha, nikasikia ni ngumu. Kauchu ya namna hii kila ikipashwa moto na kupoa inakauka kidogo zaidi. Nilimwambia: « Siyo mbaya, ni kwa siku moja tu. » Nikamfungia. Sikumtoza hata senti. Nilijiona mjomba mwema.

Siku ile ilikuwa kavu mpaka saa kumi za jioni. Alikimbia vizuri, akanitumia video, sauti yake ya furaha ninayo bado kwenye simu. Saa kumi na moja na nusu mvua ikaanza, naye yuko barabara ya E42 anarudi Liège na rafiki yake, tairi zile zile chini, zimeshapoa. Hakuwa anakimbia. Dimbwi la maji kwenye njia ya kushoto lilitosha. Mifereji michache ya milimita 3 haina mahali pa kupeleka maji, gari ikapanda juu ya maji kama mtumbwi, ikajigonga kwenye chuma cha pembeni mara mbili. Yeye alitoka mzima. Rafiki yake alivunjika mfupa wa bega. Dada yangu aliona picha kwenye WhatsApp kabla sijampigia, na swali lake la kwanza lilikuwa: « Tairi hizo nani alizifunga? »

Tangu siku hiyo ninajibu kwa namna nyingine, hata kama wateja wengine wanakasirika.

Kijana ambaye ana gari ya kilo 2000 na anaenda sirkiti mara moja au mbili kwa mwaka, namwambia asinunue semi-sliki kabisa. Abaki na tairi nzuri ya barabara ya aina ya michezo, kama Michelin Pilot Sport 4S au Continental SportContact 7, yenye mifereji yake yote. Pesa zinazobaki aweke kwenye breki: pedi za kuvumilia joto, na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya kawaida ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka si chini ya digrii 230, lakini yakishanyonya unyevu kipimo chake kinashuka mpaka 155, na yakichemka mguu unazama mpaka chini bila gari kusimama. Semi-sliki inakuwezesha kufika kwenye kona na mwendo mkubwa zaidi, na kuvunja mwendo kwa nguvu zaidi; mzigo huo wote unaangukia breki ambazo hukuzigusa.

Wapo mafundi wenzangu wanaosema kinyume. Wanasema mshiko ni usalama, tairi inayoshika zaidi inamwokoa hata asiyejua. Nawaelewa, na kwa gari nyepesi sibishani nao sana. Lakini tairi ya barabara inalia kabla ya kuachia. Inakuonya mapema, kwa mwendo mdogo, na kijana anajifunza kusikia. Semi-sliki inanyamaza muda mrefu, na inapoachia, kilo 2000 ziko tayari kwenye mwendo ambao hajawahi kuufahamu. Mwaka mmoja wa kusikiliza tairi ikilia una faida kuliko janti yoyote ya inchi 21.

Anayeenda mara nyingi, na ameshajifunza, huyo anunue semi-sliki mpya, na anunue pia janti za pili. Hilo ndilo sharti langu: seti mbili. Anafika uwanjani na tairi za barabara, anabadilisha pale, anakimbia mizunguko mitatu ya nguvu na mmoja wa kupoza, jioni anabadilisha tena. Ndiyo, ni gharama. Gari nzito ina breki kubwa, diski za chuma za mbele za RS6 zina milimita 420, kwa hiyo huwezi kutafuta janti ndogo za bei rahisi, hazitaingia. Tena mwulize mwenye bima yako kabla, siyo baada: bima nyingi za kawaida haziingii lango la sirkiti pamoja nawe. Asiyeweza gharama ya seti ya pili hajaweza bado gharama ya semi-sliki.

Kuna jambo lingine linalowahusu ninyi mnaosoma huko nyumbani. Baada ya ajali, tairi mbili kati ya nne hazikuumia. Wiki iliyofuata alipita mnunuzi wa tairi chakavu, mmoja wa wale wanaojaza kontena kwa ajili ya Afrika. Aliziona, akaziinua, akasema hizi ni za bei, zina jina kubwa, zitauzwa haraka. Alikuwa na haki. Kwa mtu wa Goma au Bukavu, jina kubwa na milimita 3 za kauchu ni bahati. Hakuna atakayemwambia kwamba zilishapikwa mara nyingi kwenye sirkiti, kwamba hazikuumbwa kwa mvua, na kwamba kwetu mvua inanyesha karibu miezi tisa kwa mwaka. Kwa hiyo mkiletewa pine ya okazioni yenye mifereji michache mipana katikati na mabega karibu laini, msiseme imechakaa vizuri. Imezaliwa hivyo. Iacheni.

Yule mnunuzi alinipa yuro 15 kwa kila moja. Nilikataa, nikachukua kisu nikakata mbavu zote nne za tairi zile mbili mbele yake. Aliniuliza kama mimi ni mzima wa akili.

Mpwa wangu ameuza M5 iliyobaki kama vyuma na kununua nyingine, nzito vile vile. Sikumzuia, ni pesa yake. Amejiandikisha siku moja ya mwezi wa tano. Janti za pili ziko hapa kwenye garaji yangu, zimefungwa Cup 2 mpya zenye namba 102, nami ndiye nitakayezibeba kwenye kamioneti mpaka Spa na kuzirudisha jioni. Rafiki yake, yule wa bega, anasema atakuja pia, ila atapanda na mimi.